Jiko la Mwenye Kuuza na Haki ya Kulikagua

Alhamdulillahi wahdah. Amma baad: ndugu zetu wa pwani wasafirio kwenda Iringa na Mbeya husimama Ruaha Mbuyuni, pale penye vitunguu vingi, wakala kwa haraka, kisha gari likaondoka. Baadhi ya wenye kuuza chakula njiani humchukia bwana afya ajapo, wakasema: "Kupeleleza aibu za watu ni haramu, na huyu huingia hata jikoni." Maneno haya yana sura ya dini, kwa hivyo yataka jawabu la dini.

Ni kweli kupeleleza kumekatazwa katika Suratul Hujurat. Na Imamu Al-Mawardi wa madhehebu yetu, aliyefariki mwaka 450 wa Hijra, amemzuilia muhtasib kupekua yaliyofichwa. Lakini aliyetundika nyama mlangoni akaita wapita njia amekwisha kuitoa sufuria yake katika sitara. Mtume, swalla Llahu alayhi wa sallam, alipita penye lundo la nafaka akatia mkono ndani hata vidole vikarowa, akamkemea mwenyewe kwa kuyaficha majimaji chini. Hakungoja mtu ashitaki.

Tena tazama hali ya msafiri. Fiqhi imempa mnunuzi khiyari ya kurudisha kitu chenye kasoro: huyu atarudisha nini? Kasoro ya nyama iliyolala ataijua yumo katika makona ya Kitonga, tumbo lamsokota, na muuzaji yuko nyuma, wala jina lake halijui. Khiyari hiyo kwake ni jina tu. Basi hapana budi awepo wa kutazama kabla ya kuuzwa, kwa niaba ya asiyeweza kutazama. Na Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 imemweka.

Wengine hujifunika kwa mas-ala ya nzi, kwamba madhehebu yetu yasamehe najisi isiyodirikwa na jicho. Naam, imesamehewa katika twahara. Madhara ni mlango mwingine: chenye kudhuru ni haramu kuliwa hata kikiwa twahiri. Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam Agosti 2015, kikaenea mikoa mingi, hakikuletwa na kitu kionekanacho kwa jicho. Wala Bismillahi ya mchinjaji haioshi mikono ya mpishi.

Limebaki swali zito. Mama mwenye mayatima, mtaji wake ni sufuria moja. Je, chakula chake kimwagwe? Kilichooza na kimwagwe, hapana dhulma katika kukiondoa. Lakini sufuria ni mali yake, haichukuliwi. Na kama kasoro ni kukosa kifuniko au maji ya kunawia, Imamu Ghazali ametanguliza kumjulisha mtu na kumwaidhi kabla ya kutumia mkono. Ama bwana afya alaye sahani ya bure katika jiko alilokuja kulikagua, chakula kile kwake ni rashwa; na mama aliyempa, ikiwa jiko lake ni safi naye ametoa kwa kuogopa kuonewa tu, dhambi si yake.