Askari ni Nani?



Katika nyumba nyingi za huku Misungwi, mkoani Mwanza, mtoto akilia usiku huambiwa: "Nyamaza, askari anakuja!" Naye hunyamaza. Lakini amekwisha kujifunza kwamba askari ni mtu wa kuogopwa. Je, ndiyo maana ya neno hilo?

Neno lenyewe tulilipata kwa Waarabu. Kwao askar ni jeshi, na askari ni mtu wa jeshi; nao yasemekana walilipokea kutoka Uajemi. Wajerumani walipounda jeshi lao la nchi hii mwaka 1891, waliliita kwa lugha yao jeshi la ulinzi, na Waafrika waliotumika humo wakaitwa askari. Jina lilikuwa la ulinzi, lakini katika Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, mashamba na maghala yalichomwa, na watu wengi mno wakafa kwa njaa. Si ajabu neno likatiwa hofu.

Leo maana yake imepanuka. Tunao askari polisi, askari magereza, askari wa wanyamapori; hata mzee alindaye duka usiku kwa rungu na tochi huitwa askari. Hivyo neno lililoanzia vitani limefika mlangoni petu, kwenye ulinzi.

Katika Injili ya Luka, sura ya 3, askari walimwuliza Yohane Mbatizaji wafanye nini. Yeye hakuwaamuru waache kazi yao. Aliwakataza kunyang'anya watu mali na kuwasingizia, akawataka waridhike na mshahara wao. Kumbe silaha siyo imfanyayo askari kuwa mwema au mbaya, bali jinsi anavyomtendea mnyonge aliye mbele yake.

Nasi je? Mapadre Weupe walifungua misioni ya Bukumbi, katika nchi hii ya Misungwi, mwaka 1883. Tangu hapo vizazi vya Wakristu vimefundishwa kwamba Kipaimara humfanya mtu kuwa askari wa Kristu. Adui wa askari huyo ni dhambi, wala si jirani. Lakini Usukumani akina bibi wameuawa kwa kushukiwa uchawi, eti kwa sababu macho yao ni mekundu. Macho yaliyoharibiwa na moshi wa mafiga walipokuwa wakitupikia! Mkristu asikiaye bibi akinong'onezwa hivyo, naye akanyamaza, ni askari wa nani? Aliyepakwa Krisma Takatifu amewekwa zamu mlangoni pa bibi yule. Aseme wazi kwamba ni uongo, awaarifu wakubwa wa kijiji mapema, tena asimwache peke yake.

Basi, wazazi wapenzi, msiwatishe watoto kwa jina hili. Lirudishieni heshima yake, kwanza kwa matendo yenu. Na mtoto akilia usiku, mwambieni: "Lala, mwanangu, askari yu macho."