MTOTO ALIYETOLEWA MAJINI

Masomo: Kutoka 2:1–10, Waefeso 1:3–6



Jumapili moja baada ya ibada, mama mmoja wa parishi yetu alitungoja chini ya mti mpaka watu walipokwisha kutawanyika. Yeye na mumewe wamepokea mtoto wa miaka miwili aliyezaliwa mbali, asiye wa ukoo wao wala wa kabila lao. Mtoto anaendelea vema. Anakula, analala, na sasa ameanza kumwita mama. Swali la mama huyu lilikuwa moja tu: "Walimu wangu, tumwambie au tunyamaze? Majirani wakikubali kunyamaza, si atakua akijua kuwa ni wetu tu?"

Siku ile hatukumjibu. Tulimwambia kwamba tutaandika, kwa maana jibu letu ni refu, nalo lina aibu yetu ndani yake.

Tuanze na Neno. Katika Kutoka sura ya pili tunasoma habari za mama Mwebrania aliyemficha mwanawe miezi mitatu kwa sababu ya amri ya Farao, na aliposhindwa kuendelea kumficha, akamweka katika kisafina penye majani kando ya mto. Binti Farao akamwona mtoto analia, akamhurumia. Wala hakukosea kumtambua. Alijua mara moja kwamba ni mtoto wa Waebrania. Akakubali anyonyeshwe na mwanamke wa Kiebrania, naye ndiye aliyemzaa. Mtoto alipokua akapelekwa kwa binti Farao, akawa mwanawe.

Sasa angalieni jina. Binti yule angeweza kumpa mtoto jina la babu yake, jina la kifalme, likafunika yote yaliyopita. Lakini alimwita Musa, kwa sababu alimtoa majini. Basi kila alipomwita kuja kula, na kila alipomkemea, jina lile lilikuwa likimwambia mtoto: ulitoka mahali, nami nikakupokea. Mwanamke wa Misri, asiyemjua Mungu wa Israeli, hakuona haya kuitamka kweli hiyo kila siku. Sisi Wakristo tuliona haya.

Sisi wawili, mume na mke, tulikuwa walimu. Katika miaka ya 1980 tulipangiwa kazi ng'ambo ya ziwa, katika Mkoa wa Kagera, na nyumba yetu ilipakana na ya mwalimu mwenzetu, Mhaya. Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walikotambuliwa mwaka 1983, na miaka iliyofuata tulizika wengi. Jirani yetu alifariki mwaka 1991, na mkewe mwaka uliofuata. Wakaacha mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Bibi yake alikuwa tayari na wajukuu saba mikononi mwake. Wazee wa ukoo wakakaa kikao, wakatuita, wakatukabidhi mtoto. Tukapanda naye meli kutoka Bukoba hadi Mwanza, kisha basi, kisha lori, mpaka tukafika Migato, ambayo siku zile ilikuwa ya Wilaya ya Bariadi katika Mkoa wa Shinyanga, kwa kuwa Mkoa wa Simiyu uliundwa mwaka 2012.

Watu husema mtoto mdogo husahau upesi. Ndugu, hasahau. Mtoto yule alikuja na maneno yake machache, akaomba amaizi, na huku kwetu watu husema minzi. Maji aliyapata, lakini aliona wazi kuwa hakuna anayesema kama walivyosema kwao. Alizoea ndizi, hapa penye pamba na ng'ombe alikutana na ugali na michembe, akageuza uso. Usiku aliamka akalia, na tulipombeba alijikaza kama gogo. Kwa miezi mingi tulikuta vipande vya michembe chini ya godoro lake, ameviweka akiba, kama mtu asiyeamini kwamba kesho kutakuwa na chakula. Mmoja wetu alipotaka kutoka hata kwenda kisimani tu, alishika kitenge asikiachie. Ilipita karibu mwaka mzima ndipo akalala usiku kucha.

Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea, nasi tulithibitisha. Kupokea mtoto ni jambo la siku moja. Kuwa wazazi wake ni kazi ya kila usiku. Twawaambia haya ninyi mnaopokea watoto, ili mtoto akilia msidhani kwamba hawapendi, wala msione kwamba mmekosea. Analia kwa sababu anaomboleza. Amepoteza sauti, harufu na mikono aliyoijua, wala hana maneno ya kueleza msiba wake. Mwacheni aomboleze, nanyi mbebeni.

Katika hayo Mungu alitusaidia. Tulikosea katika jambo jingine. Mtoto alipozoea, tukampa jina la kwetu. Jina la kwao, pamoja na cheti chake cha ubatizo na picha moja ya wazazi wake, tukavifungia sandukuni. Tukawaomba majirani wanyamaze. Tulisema ni kwa ajili yake, asije akajiona mgeni. Kila likizo tulipata sababu ya kutokwenda Kagera: mara nauli, mara mvua, mara mitihani. MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996 na kuua mamia ya watu, tukasema ziwa si salama kwa mtoto. Hizo zilikuwa sababu za mdomoni. Ndani tulikuwa na hofu moja tu, kwamba akijua hatatupenda tena.

Mwaka 2003, akiwa na miaka kumi na miwili, aliyasikia kisimani. Wasichana waligombania zamu ya kuteka, na mmoja akamwambia kwa hasira kwamba yeye ni wa kuokota. Alirudi na ndoo tupu. Hakulia. Usiku huo hakula. Alituuliza neno moja tu: "Mama yangu aliitwa nani?"

Ndugu zetu, tulijua jina lile vema. Tulikuwa tumeazimana chumvi na mwenye jina hilo. Lakini tulikuwa hatujalitamka nyumbani mwetu kwa miaka kumi na zaidi, likakwama kooni. Tulipofungua sanduku na kumpa picha, aliitazama muda mrefu, kisha akasema kwamba jambo la kuletwa kwetu halimwumizi. Linalomwumiza ni kwamba kijiji kizima kilijua, isipokuwa yeye. Hatukuwa na la kujibu. Tulipiga magoti, tukaomba radhi kwa mtoto tuliyemlea.

Desemba mwaka huo tulivuka ziwa pamoja naye. Bibi yake alikuwa hai. Alimshika sikio, akaligeuza kwenye mwanga, akacheka na kulia pamoja, kwa maana lilikuwa sikio la mama yake. Tulikaa siku tisa. Siku ya kumi tulisimama mbali kidogo na mizigo yetu, tukiogopa, tukimwacha achague. Aliagana na bibi yake, akaja akabeba kikapu chetu, akauliza kama tumekumbuka tiketi. Leo ni mama mwenye watoto wake, na likizo wanavuka ziwa kwenda kuwaona ndugu zao. Tumeyaandika haya kwa ruhusa yake, naye ametuagiza tusitaje jina lake.

Jambo hili si la Migato peke yake. Duniani wako watoto wengi waliovushwa bahari kwenda kulelewa. Tangu vita vya Korea vya mwaka 1950 hadi 1953, watoto wapatao laki mbili wa Korea Kusini walipelekwa Marekani, Ulaya na kwingineko. Wengi walipata wazazi wenye upendo mwingi. Lakini walipokuwa watu wazima, wengi walirudi kutafuta walikotoka, na baadhi yao wakakuta karatasi zao zinasema uongo: waliandikwa yatima waliotupwa, kumbe wazazi wao walikuwa hai. Mwezi Machi mwaka 2025 tume ya ukweli na maridhiano ya nchi hiyo ilitamka wazi kuwa kumbukumbu ziliharibiwa na haki za watoto zilivunjwa. Ethiopia nayo, iliyokuwa imetoa watoto wengi kwenda nchi za nje, ilipiga marufuku jambo hilo kwa sheria mwaka 2018. Twajifunza nini? Kwamba upendo wa nyumba njema haumzuii mtoto kutaka kujua alikotoka, na ya kuwa uongo ulioandikwa kwa wino hungoja miaka hamsini, kisha hudai.

Na sheria ya nchi yetu imeliona hili. Sheria ya Mtoto, Namba 21 ya mwaka 2009, inampa kila mtoto haki ya kuwa na jina, uraia, na ya kuwajua wazazi waliomzaa na ukoo wake. Sheria hiyo hiyo ndiyo inayoongoza namna ya kuasili mtoto, na amri ya kuasili hutolewa na Mahakama Kuu. Sisi tulichukua mtoto kwa maneno ya kikao cha ukoo tu. Leo tusingefanya hivyo. Anayetaka kulea au kuasili mtoto aende kwa Afisa Ustawi wa Jamii, amweleze yote, na kuongozwa naye, hata katika namna ya kumwambia mtoto habari zake. Karatasi halali ni ngao ya mtoto siku ambayo sisi hatupo, na ndugu wanagawana ng'ombe.

Lakini lipo neno gumu, nasi hatutalikwepa. Mtu atasema: Je, Musa hakuondoka? Waebrania 11:24 yasema alipokuwa mtu mzima alikataa kuitwa mwana wa binti Farao. Je, si hayo ndiyo tunayoyaogopa? Ndiyo, ndugu, ndiyo hayo. Mtoto akijua, yawezekana aondoke. Hata uliyemzaa mwenyewe yawezekana aondoke. Hata hivyo kazi ya binti Farao haikupotea. Stefano, katika Matendo 7:21–22, akiwa karibu kuuawa, alikumbuka kwamba mwanamke yule alimlea Musa kama mwanawe, na kwamba Musa alifundishwa hekima yote ya Wamisri. Mungu alitumia malezi yale kuokoa taifa. Tunalea watoto kwa ajili ya kazi ambayo Mungu amewawekea. Hatuwalei ili watulipe.

Kwa hiyo, wapendwa, twawasihi mambo matatu.

Kwanza, wazazi mliopokea watoto: kweli isemwe nyumbani kabla haijasemwa kisimani. Isemwe mapema na kidogo kidogo, kwa kadiri ya umri wake, kama anavyopewa uji kabla ya ugali. Litunzeni jina lake la kwanza, cheti chake, picha, na majina ya ndugu zake. Tendeni sawa katika nguo, katika ada na katika urithi.

Pili, majirani na washarika: fungeni vinywa vyenu penye matusi. Neno "wa kuokota" lisisikike katika parishi hii. Hata sifa nazo ziwe na kipimo. Mkisema mbele ya mtoto kwamba ana bahati sana, kwamba bila hawa angekufa, mnamwandikia deni asilolikopa. Mtoto hadaiwi shukrani kwa kulishwa.

Tatu, Umoja wa Mama na wazee wa kanisa: watembeleeni wazazi hawa katika mwaka ule wa kwanza, wakati mtoto halali usiku. Wapelekeeni kuni, wakamulieni ng'ombe. Maneno mazuri ya siku ya kupokelewa ni mepesi. Mwezi wa saba ndio mzito.

Mwisho, wapendwa, tukumbuke sisi ni nani. Mtume Paulo, akiwaandikia Waefeso, awaambia wazi kwamba Mungu alituchagua tufanywe wanawe kwa njia ya Yesu Kristo. Hakuna hata mmoja wetu aliyezaliwa katika nyumba hiyo. Wote tuliletwa kutoka mbali. Na Baba yetu hakutuficha. Ameamuru kweli hiyo isomwe kanisani mbele ya watu wote, wala haimpunguzii Yeye upendo, wala haitupunguzii sisi urithi. Kama Mungu mwenyewe haoni haya kutuambia kuwa tulipokelewa, sisi twaogopa nini kumwambia mtoto?

Mama uliyetungoja chini ya mti, hilo ndilo jibu letu. Mwambie, nawe umwambie ukiwa umempakata.

Tuombe. Ee Mungu Baba, uliyetutafuta tulipokuwa mbali na kutuita wana, uwabariki watoto wote walioletwa kutoka ng'ambo, na wale waliowazaa, na wale wanaowalea. Utupe ujasiri wa kusema kweli katika upendo, na utusamehe miaka tuliyonyamaza. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.