Mdhamini si Mwenye Mali

Mtu apitaye katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja hupita, pengine bila kujua, mbele ya nia za watu waliokwisha kufa zamani. Nyumba hii mwenyewe aliiacha ili kodi yake inunue mafuta ya taa za msikiti. Ile iliachwa kwa ajili ya watoto na wajukuu wa yule aliyeijenga. Na huko mashamba kulikuwa na vipande vya ardhi vilivyoachwa kwa ajili ya watu waliotolewa utumwani, wapate mahali pa kukaa na kulima. Mali ya namna hii huitwa wakfu. Haiuzwi, haitolewi zawadi, hairithiwi. Yenyewe hukaa pale pale, na faida yake huwaendea wale aliowataja mtoaji, kizazi baada ya kizazi.

Huenda msomaji wetu wa Songea au wa Bukoba akauliza: Mambo ya wakfu wa Waislamu wa Unguja yatuhusu nini sisi? Twajibu kwamba yatuhusu sana. Ndani yake limo swali moja la maadili ambalo hakuna nyumba wala serikali iwezayo kulikwepa: Mtu akishika mali ya mwenzake kwa faida ya mwenzake, aweza kuitendea apendavyo yeye, mradi tu anakusudia mema?

Twende kwanza kwenye habari yenyewe. Mwaka 1890 Zanzibar iliingia chini ya himaya ya Waingereza. Sultani aliendelea kukaa kitini, lakini polepole uendeshaji wa nchi ulihamia mikononi mwa maofisa wa Kiingereza. Mwaka 1905 ilitungwa sheria ya mali za wakfu, ikaundwa Kamisheni ya kuzisimamia. Wakfu usiokuwa na msimamizi, au ambao msimamizi wake aliuharibu, uliweza kutwaliwa na Kamisheni hiyo.

Tuwe wakweli: sheria hiyo haikuzuka bila sababu. Wasimamizi wengine walikuwa wamekula mali waliyokabidhiwa. Nyumba zilianguka, kodi zilipotea, ndugu waligombana mahakamani. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Kamisheni ilileta daftari. Hati ziliandikishwa, mapato na matumizi yakahesabiwa. Jambo hilo ni jema, na asiyelikubali hatendi haki.

Lakini daftari peke yake halimfanyi mtu kuwa mwaminifu. Iko mali ipoteayo na huku daftari lake liko mezani, limeandikwa vizuri, hesabu zote zikilingana. Hupotea pale mshika kalamu anaposahau kuuliza: Aliyeitoa mali hii alitaka nini? Na yule aliyepewa haki ya kufaidika, yeye mwenyewe asemaje?

Tutoe mfano wa kwanza. Katika sheria ya Kiislamu, mtu anayewawekea wakfu watoto wake na wajukuu wake, na baada yao maskini, ametenda jambo la kumpendeza Mungu. Kwani kumtunza ndugu ni sadaka. Waamuzi wa Kiingereza waliona vingine. Kwao sadaka ni ile iwaendeayo watu wote au maskini kwa jumla. Kuwapa wanao si sadaka. Basi mwaka 1894, katika kesi iliyotoka Bara Hindi, baraza la London lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufani kwa makoloni liliamua kwamba wakfu wa jamaa, ambao ndani yake fungu la maskini ni la mbali mno, haufai kitu. Waislamu wa Bara Hindi walilalamika, na mwaka 1913 ikatungwa huko sheria ya kuuhalalisha tena wakfu wa namna hiyo. Hata hivyo, mwanzoni mwa miaka ya 1950, baraza lile lile liliitumia hukumu yake ya zamani juu ya wakfu wa jamaa moja ya Mombasa, mji uliokuwa bado katika ukanda wa pwani wa Sultani wa Zanzibar.

Tuyapime mambo hayo kwa utulivu. Hatusemi kwamba waamuzi wale walikuwa wezi. Walikuwa watu wenye elimu, nao walihukumu kama walivyofundishwa. Kosa lao lilikuwa la ndani zaidi: walichukua neno la mtu mwingine, wakalipa maana ya kwao, kisha wakamwambia mwenye neno kwamba hakujua alichokisema. Marehemu alisema, “Hii ni sadaka yangu.” Wakamjibu kaburini, “La, hukutoa sadaka.” Na mali aliyoifunga isigawanyike ikaachiwa kugawanyika. Mdhamini aliyeitwa kulinda nia ya mtoaji akajifanya mwamuzi wa nia hiyo.

Mfano wa pili tutauona tukivuka ng'ambo. Upande wa pili wa hori iliyoutenga zamani Mji Mkongwe, walikaa watu maskini, wengi wao waliokuwa watumwa pamoja na watoto wao. Walijenga vibanda juu ya viwanja vya watu wengine, na viwanja vingine vilikuwa vya wakfu. Kibanda kilikuwa mali ya mkazi. Ardhi chini yake haikuwa yake. Kwa muda mrefu jambo hilo halikuleta taabu kubwa, kwa kuwa mwenye kiwanja na mwenye kibanda walifungwa na heshima na ujirani kuliko fedha. Lakini mji ulipopanuka, wenye ardhi wakaanza kudai kodi ya kiwanja, wakaipandisha, na mahakama zikawaunga mkono kwa sababu hati zilikuwa kwao. Kumbukumbu za maskini hazikuwa na muhuri. Mnamo miaka ya 1927 na 1928 wakazi wa Ng'ambo wakakataa kulipa. Kukawa na mashtaka, watu wakatiwa gerezani, ghasia zikatokea. Na mwaka 1928 serikali ikatunga sheria ya kuzuia kodi hizo zisipandishwe ovyo.

Yafaa tuangalie jambo hapo. Serikali ile ilijiita mlinzi wa wenyeji. Basi kwa nini haikuisikia taabu yao mpaka walipokataa kulipa? Kwa sababu ilizoea kusoma hati, haikuzoea kusikiliza watu. Mlinzi asiyesikia ila kelele huwafundisha watu kupiga kelele.

Hapa msomaji mmoja aweza kusema: Hayo yote ni makosa ya wakoloni, nao wamekwisha kwenda zao. Laiti ingekuwa rahisi hivyo! Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, ardhi yote ya Zanzibar ilitangazwa kuwa mali ya serikali. Mashamba makubwa yalitwaliwa, na maelfu ya jamaa wakagawiwa eka tatu tatu. Katika Mji Mkongwe nyumba nyingi zilichukuliwa, na wapangaji wapya wakaingia humo. Hatutaki kuficha kwamba ugawaji wa ardhi wa zamani ulikuwa na dhuluma kubwa: wachache walikuwa na mikarafuu isiyohesabika, na waliowachumia hawakuwa na mahali pa kuzikwa ambapo wangeweza kupaita pao. Dhuluma hiyo ilihitaji dawa. Lakini mali ikishatoka kwa wachache na kuingia mikononi mwa serikali, haijawafikia wananchi bado. Imebadilisha mdhamini tu. Swali letu linabaki pale pale, tena linakuwa zito zaidi, kwa maana mdhamini mpya husema kwa jina la wananchi wenyewe.

Yapendeza kuona kwamba sheria zenyewe zimelikiri jambo hilo. Chombo cha Zanzibar cha kusimamia wakfu, kilichoundwa upya kwa sheria ya mwaka 1980 na tena kwa sheria ya mwaka 2007, chaitwa Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Amana! Neno hili lajulikana na kila mtoto wa Kiswahili. Kitu cha amana ni kitu ulichowekewa. Si chako hata kikikaa kwako miaka mia. Vivyo hivyo sheria ya ardhi ya Zanzibar ya mwaka 1992 yasema kwamba ardhi imewekwa mikononi mwa Rais kwa matumizi na manufaa ya watu wa Zanzibar. Na huku Bara, sheria ya ardhi ya mwaka 1999 yasema kwamba Rais ameshika ardhi yote akiwa mdhamini kwa niaba ya raia wote.

Wazo lenyewe si jipya. Sheria ya ardhi ya Tanganyika ya mwaka 1923 iliiweka ardhi chini ya Gavana kwa manufaa ya wenyeji. Tena nchi nzima, baada ya mwaka 1946, iliwekwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa. Hata hivyo mwaka 1951 Wameru waliondolewa kwa nguvu katika mashamba yao ili yapewe walowezi, na mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri mpaka New York kuyaeleza hayo mbele ya Umoja wa Mataifa. Neno udhamini lilikuwapo katika sheria siku ile Wameru walipofukuzwa. Halikuwafaa kitu, kwa kuwa neno lililoandikwa haliwi ukweli mpaka lishikwe na dhamiri ya mtu.

Basi tujibu swali tulilouliza. Mdhamini atakiwa mambo matatu, na moja haliwezi kushika mahali pa lingine. Kwanza, aitunze mali isiharibike wala isiliwe. Pili, aifuate nia ya aliyeitoa, wala asiigeuze kwa hekima yake mwenyewe. Tatu, amsikilize yule ambaye mali imewekwa kwa ajili yake, na kumtolea hesabu angali hai. Mkoloni alijivunia la kwanza, akadharau la pili na la tatu. Lakini kutunza mali ya mtu bila kumsikiliza ni kumnyang'anya polepole: leo wamzuilia sauti, kesho wamzuilia mali, na keshokutwa atakuja kwako kuomba kama mgeni kile kilicho chake.

Mwingine atasema: Na ikiwa mwenyewe hajui kuitumia mali yake? Je, tumpe aipoteze? Hoja hiyo haikosi uzito. Mtoto mdogo hapewi shamba auze. Lakini udhamini wa haki hulenga siku ya mwisho wake. Mlezi mwema humfundisha mtoto hesabu, humwonyesha mipaka ya shamba, humpa jembe, na akikua humkabidhi. Mlezi mbaya hupenda mtoto asikue. Kwa alama hiyo twaweza kumpima kila mdhamini, awe gavana, waziri, mwenyekiti wa kijiji au baba mdogo.

Ndiyo, baba mdogo pia. Hatukuandika haya ili tupate kuwanyoshea vidole waliokufa. Ni jamaa ngapi kati yetu ambamo ndugu alikufa, akaacha mjane na watoto, na kaka yake akasimama mbele ya matanga akasema, “Mali hii nitawashikia”? Aghalabu alisema kweli siku ile. Kisha mwaka ukapita, kodi ya nyumba ikaingia mfukoni mwake kwa ajili ya shida moja, halafu shida nyingine, ng'ombe mmoja akauzwa, kiwanja kikaandikwa kwa jina lake “ili kisipotee.” Mjane anapouliza, huambiwa hana adabu. Watoto wanapouliza, huambiwa wangali wadogo, hata wakiwa na ndevu. Mtu huyu si lazima awe mwizi kwa moyo. Amesahau tu neno moja: amana.

Wasomaji wapendwa, jioni ya leo kila aliye na mali ya mwingine mkononi mwake, iwe nyumba ya yatima, fedha ya chama, shamba la ukoo au kiwanja cha parokia, achukue daftari lake, kama analo. Kisha amwite mwenyewe, aketi naye, amfungulie ukurasa kwa ukurasa. Akiona aibu kuufungua ukurasa mmojawapo, huo ndio aanze nao.