Mkojo Ukifunguka

Mwanamume aliyekuwa akiamka mara tano usiku na kusimama chooni akingoja matone, akishafanyiwa upasuaji wa tezi dume husema: nimepona. Ni neno la shukrani, na ana haki nalo. Ila Kiswahili hutenganisha kupona na kupata nafuu, na hapa tofauti hiyo ni nzito. Uvimbe wa kawaida wa tezi huanzia katikati, pale tezi inapoizunguka njia ya mkojo. Saratani nyingi, takriban saba katika kila kumi, huanzia pembezoni. Daktari anayepitisha kifaa ndani ya njia ya mkojo hukwangua nyama ya katikati, akaliacha ganda la nje. Kwa hiyo mkojo unaotiririka unashuhudia jambo moja tu, kwamba njia imefunguka. Hauna la kusema kuhusu ganda. Kwa wanaotumia dawa, mambo hujificha zaidi. Finasteraidi hupunguza tezi, na ndani ya miezi 6 hadi 12 hushusha kipimo cha damu cha PSA kwa karibu nusu. Karatasi ya maabara ikisema 3, inampasa daktari aisome kama 6 hivi. Asiyejua kwamba mgonjwa anameza kidonge hicho atamwambia yuko salama.

Wapo wanaoona kwamba kurudi kupimwa baada ya Mungu kukuafu ni upungufu wa imani. Lakini muumini huyo huyo aliomba dua, kisha akalala chini ya kisu, wala hakuona dua na kisu vikigombana. Vigombane leo kwa sababu ya sindano ya kutoa damu? Waislamu wanaikumbuka habari ya mbedui aliyeelekezwa amfunge ngamia wake kisha atawakali. Wakristo wanajua kwamba Luka alikuwa tabibu. Tawakali inahusu matokeo, haikuwekwa iwe pazia la kutojua. Pingamizi lenye uzito zaidi ni hili: saratani hii mara nyingi hukua polepole, wazee wengi hufa nayo bila kuuawa nayo, na tiba yake yaweza kumwachia mtu mkojo usiozuilika na kupotea kwa nguvu za kiume. Ni kweli tupu. Ila kujua si kukatwa. Saratani ndogo yaweza kufuatiliwa kwa vipimo tu, miaka na miaka. Mzee wa miaka 85 mwenye moyo mgonjwa akisema hataki kupimwa, namheshimu, maana amejua anachokikataa. Aliyeambiwa tu “umepona” hakuchagua utulivu. Amenyimwa nafasi ya kuchagua, na wanaomficha majibu kwa kumwonea huruma wanamnyima vilevile, kwani nyama iliyokwanguliwa hupelekwa maabara na mara nyingine hukutwa na saratani ambayo hakuna aliyeitarajia.

Basi mzee wangu, kabla hujaruhusiwa kutoka hospitali, uliza mawili: nyama yangu imeonekana na nini, na PSA nirudi kupima lini?