Rangi ya Manyoya na Thamani ya Kiumbe

Katika makala haya tunakusudia kulitazama swali moja ambalo huenda likaonekana dogo, nalo ni hili: mwanadamu akishaweka kipimo cha uzuri, ana wajibu gani kwa kiumbe aliyezaliwa nje ya kipimo hicho? Mfano wetu tumeuchukua mbali, kwa wafugaji wa Ulaya wa wale mbwa wadogo waitwao teria. Msomaji asishangae. Aghalabu ya wageni huonekana waziwazi kuliko ya nyumbani.

Teria walifugwa kwa kazi: kuingia mashimoni, kuwatoa mbweha na kuua panya. Jina lao limetokana na neno la Kifaransa lenye maana ya ardhi. Zamani hizo mbwa alipimwa kwa ujasiri wake. Mambo yaligeuka yalipoanza maonyesho ya mbwa, kama lile la Newcastle la mwaka 1859, na hasa baada ya Kennel Club kuundwa Uingereza mwaka 1873 ili kutunza daftari la nasaba. Tangu hapo kila aina iliandikiwa kanuni yake: kimo, masikio, mkia, na rangi ya manyoya.

Sasa na tutazame yaliyotokea Uskoti. Teria wa huko, wenye rangi ya mchanga, kijivu au nyeusi, walikuwa wakizaa mara moja moja watoto weupe. Wafugaji wengi waliwaua wakiwadhania dhaifu. Edward Malcolm wa Poltalloch aliwachagua hao weupe akawaendeleza. Yasimuliwa kwamba alifanya hivyo baada ya mbwa wake mwekundu kupigwa risasi kwa kudhaniwa mbweha. Mwaka 1907 mbwa hao walionyeshwa Crufts kama aina kamili, West Highland White Terrier, na kanuni yao haikubali rangi nyingine. Lakini ndugu yao wa damu, Cairn Terrier, huruhusiwa rangi nyingi isipokuwa nyeupe. Basi weupe ule ule ni sharti katika nyumba moja na ni kosa katika nyumba ya pili. Ni dhahiri kwamba kosa hili halimo katika mwili wa mbwa. Limo katika mapatano ya watu.

Huenda mtu akatupinga akisema: bila kanuni hakuna aina, na anayenunua mbwa wa nasaba ana haki ya kupata alichoahidiwa. Hoja hii ina uzito, wala hatuipuuzi. Kipimo ni ahadi, na ahadi hutimizwa. Lakini kumnyima mbwa tuzo ni jambo moja. Kumnyima uhai ni jambo jingine kabisa. Mwamuzi aweza kusema, "Huyu hakufuata kanuni," bila ya kusema, "Huyu hana thamani." Anayeyachanganya maneno haya mawili amevuka mpaka wa kazi yake.

Tena, kumzamisha mtoto huyo majini hakuisafishi nasaba. Weupe wa teria hao hurithiwa kwa siri: mtoto huwa mweupe pale tu anapoupokea kwa baba na kwa mama. Wazazi wawili wenye rangi, ambao kila mmoja ameuficha weupe huo, hutazamiwa kuzaa mweupe mmoja katika kila watoto wanne. Na katika ndugu zake wenye rangi, wawili kati ya watatu hutazamiwa kuubeba bila kuonekana. Kwa hiyo anayemuua mweupe huondoa ushahidi, ilhali chanzo chabaki nyumbani mwake. Kisha huwauza waliosalia kana kwamba hakuna kilichotokea. Hapo ukatili umezaa uongo, na mnunuzi yule yule tuliyekuwa tukimtetea ndiye anayedanganywa.

Wapo waliofuata njia nyingine. Mwaka 1984, huko Ujerumani, Werner na Gertrud Biewer walimpata mtoto wa Yorkshire Terrier mwenye mabaka meupe, rangi ambayo kanuni ya aina hiyo haiijui. Hawakumficha. Kutokana naye na wenziwe ilianzishwa aina mpya, Biewer Terrier, ambayo mwaka 2021 ilikubaliwa kikamilifu na chama kikuu cha mbwa wa nasaba cha Marekani. Hatusemi kwamba kila mtoto wa rangi ngeni aanzishiwe aina yake. Na yule anayetangaza rangi adimu ili auze kwa bei kubwa hana tofauti na yule anayeizamisha: wote wawili wameona manyoya, hawakumwona mbwa.

Tena kanuni yenyewe yaweza kuwa na ila. Bull Terrier wa kale waliopendwa mno walikuwa weupe, na wenye rangi walipingwa kwa miaka mingi. Lakini uchunguzi umeonyesha kwamba takriban mmoja kati ya watano wa hao weupe ni kiziwi wa sikio moja au yote mawili, na kwa wenye rangi ni takriban mmoja kati ya mia. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kipimo kinachomdhuru kinayempima hakina budi kupimwa nacho.

Sisi walimu wa Kiswahili tuna sababu ya kulitafakari jambo hili. Tangu mwaka 1930, ilipoundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, Kiunguja kikiwa kimekwisha kufanywa msingi wa usanifu, nasi tumekuwa waamuzi wenye kalamu nyekundu. Lugha si mbwa, wala mwanafunzi si mbwa. Lakini tabia ya mwenye kipimo ni moja. Mtoto aliyelelewa kwa Kimvita, au kwa Kiswahili cha Lubumbashi, akiandika neno la kwao, ni haki yake kuambiwa kwamba halimo katika usanifu, kwa kuwa mtihani utamdai. Si haki kuambiwa kwamba si Kiswahili.

Kwa maoni yetu, basi, mwenye kuweka kipimo ana wajibu wa mambo matatu: aseme wazi kipimo chake kinapima nini, asikifanye kuwa hukumu ya uhai au ya utu, na awe tayari kukirekebisha kinapoleta madhara. Wenzetu wenye mawazo tofauti tunawaomba watuandikie, tuendelee kushauriana.