Maji ya Dunga Hayapwi

Likizo iliyopita shangazi alinipigia simu akitaka nije nimpe binti yake maneno makali. Binamu yangu yuko kidato cha tatu. Alikuwa amepewa insha ya likizo: eleza jinsi mabadiliko ya tabianchi yanavyoathiri maisha ya wavuvi. Aliiuliza ChatGPT, ChatGPT ikaandika, na shangazi akamfumania akiinakili kwenye daftari kwa mwandiko wake mzuri wa duara.

"Wewe ndiye wa vitabu hapa kwetu," shangazi aliniambia. "Njoo umwambie."

Nilipofika Nyalenda niliomba kwanza niisome hiyo insha. Ilikuwa safi, bana. Methali ziko mahali pake, aya zimepangwa kama matofali. Kwenye KCSE insha moja ina alama 20, na mimi ningempa 16 bila kufikiria mara mbili. Mpaka nilipofika ukurasa wa pili, ambapo wavuvi wa Ziwa Victoria walikuwa wamekaa ufuoni wakisubiri maji yapwe.

Yapwe? Ziwa letu halina kupwa na kujaa kwa kuonekana na macho. Hayo ni mambo ya Lamu na Mombasa. Nadhani mashine imesoma Kiswahili kingi cha pwani, ikaona kila anayevua kwa Kiswahili anavua baharini. Hilo halikunishangaza. Kilichonishangaza ni binamu yangu. Amezaliwa Nyalenda, akitembea kidogo tu yuko Dunga, amekula omena na ngege wa pale tangu aote meno. Na mkono wake uliandika neno hilo bila kusita.

Nikataka kumkemea, lakini mdomo haukufunguka.

Nilipoacha chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imenishinda, nilikula kwa kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo kazi zao za shule. Vijana wengi Kenya wanaijua kazi hii, hata kama nyumbani tunasema tu "niko na kazi ya mtandaoni". Unakodi akaunti ya mtu, unalala mchana kwa sababu Marekani wanaamka sisi tukilala, unalipwa kwa ukurasa. Nimeandika kuhusu kumhudumia mgonjwa wa kisukari kule Ohio, na sijawahi kufika Ohio wala kumpima mtu sukari. Nimeandika kurasa nane za tafakuri binafsi kwa niaba ya mama mmoja mwenye watoto wawili, aliyekuwa anasomea ualimu. Watoto wake niliwabuni tabia. Baadaye alinitumia ujumbe kwamba mhadhiri amesifu ukweli wa moyo wake. Nilicheka, kisha nikakosa usingizi kidogo, kisha nikachukua oda nyingine.

Mwaka 2022 Uingereza ilipitisha sheria inayofanya kuwauzia insha wanafunzi wa vyuo vya England kuwa kosa la jinai. Mimi sheria hiyo haikuniondoa kazini. Novemba mwaka huohuo ChatGPT ikatoka, na baada ya miezi michache oda zangu zikakauka kama kisima cha Januari. Kwa hivyo anayeandika haya ni mtu aliyefanya kazi ya ChatGPT kabla ya ChatGPT. Ningemkemea msichana wa watu kwa lipi?

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilirudia swali ambalo walimu na wazazi wanaliuliza kila mahali: je, shule ibadilike ifuate maisha ya simu ambayo wanafunzi wanaishi, au mwanafunzi ndiye aiache simu yake getini aifuate shule? Kila upande una hoja. Lakini mimi nikikumbuka zile kurasa nane, naona kuna jambo linaruka wote wawili. Nani alikosea pale? Mimi nilikosea, sikatai; nililipwa kudanganya. Yule mama pia. Ila kulikuwa na mtu wa tatu: mhadhiri aliyesoma kurasa nane za maisha ya mwanafunzi wake na asimuulize swali hata moja. Angesema tu, "Huyu mtoto wako wa pili unayemtaja hapa, ilikuwaje siku hiyo?" biashara yangu ingekufa hapo hapo. Miaka miwili nililipa kodi ya nyumba kwa ukimya wa walimu.

Sasa tazama jinsi sisi tulivyojaribu kwenda na wakati. Kampeni za mwaka 2013 zilikuja na ahadi ya kompyuta kwa watoto wa darasa la kwanza. Vifaa vilianza kugawiwa 2016, na baadaye tukaambiwa vimepita milioni moja. Katika shule moja ya msingi ninayoijua, vilikaa kabatini kwa kufuli, na siku vilipotoka, swali lililokuwa ubaoni lilihamia kwenye kioo likiwa vilevile. Taja matumizi matatu ya maji. Mtoto akabofya jibu badala ya kuliandika.

Upande wa sekondari ndio kichekesho. Simu ni marufuku. Ukipatikana nayo unaenda nyumbani kuleta mzazi. Halafu Machi 2020 korona ikafunga shule, na masomo yakahamia redioni, kwenye televisheni na kwenye simu hiyohiyo. Walimu wakatuma maswali kwa WhatsApp. Januari 2021 shule zikafunguliwa kikamilifu na simu ikarudi kuwa bangi. Hakuna aliyekaa na wanafunzi kuwauliza: ile miezi mlikuwa na simu mkononi, mlijifunza nini, na mlidanganywa na nini?

Na si kwamba hatujui inavyoweza kwenda vizuri. Imetokea hapa hapa mjini. Mwaka 2017 wasichana watano wa shule ya upili ya Kisumu Girls, waliojiita The Restorers, walitengeneza programu ya simu ya i-Cut ya kuwasaidia wasichana walio katika hatari ya kukeketwa. Wakaenda nayo hadi California kwenye mashindano ya Technovation, na mwaka 2019 wakawa miongoni mwa waliofika fainali ya Tuzo ya Sakharov ya Bunge la Ulaya. Watu husimulia stori hii kama ushindi wa teknolojia. Mimi naisoma tofauti. Wao wenyewe walieleza kwamba wazo lilitokana na msichana waliyemjua, aliyekeketwa na hakurudi shuleni. Kompyuta ilikuja baadaye. Kilichotangulia ni swali ambalo lilikuwa na mwenyewe.

Hapo ndipo ninapomkumbuka Henry Odera Oruka, mwanafalsafa aliyezaliwa upande wa Siaya na kufundisha Chuo Kikuu cha Nairobi hadi alipofariki 1995. Aliwaendea wazee vijijini, kina Paul Mbuya Akoko, akarekodi mazungumzo yao. Lakini hakurekodi tu. Aliwabana kwa maswali. Akaona kuna wazee wa aina mbili: kuna anayejua yote ambayo jamii inasema, akiulizwa sababu anarudia kwamba ndivyo isemwavyo; na kuna anayejua hayo yote na pia anaweza kuyapima, kuyatetea au kuyakataa kwa sababu zake. Huwezi kuwatofautisha kwa kusikiliza majibu yao ya kwanza. Lazima uulize tena.

ChatGPT ni mzee wa aina ya kwanza, mwenye kumbukumbu kubwa kuliko wote. Binamu yangu alipoinakili naye akawa huyo mzee, akiwa na miaka kumi na saba. Na shule inayopima jibu la kwanza peke yake haina njia ya kumjua.

Najua mwalimu atakayesoma hapa atacheka. Ana wanafunzi sitini darasani, ana mtalaa wa kumaliza, na wewe uliyeacha chuo unamwambia amhoji kila mmoja? Ana haki ya kucheka. Lakini kama insha sitini zimeandikwa na mashine moja, basi masaa anayotumia kuzisahihisha anaisahihisha mashine. Afadhali asahihishe chache, awaite watano kwa wiki na kuwauliza: umejuaje? Au wahojiane wao kwa wao, wajirekodi kwa simu, wamletee sauti. Huko ndiko kufuata utamaduni wao ninakokuelewa. Kijana wa leo amezoea kupata jibu kabla hajamaliza kuuliza. Hilo hatulirudishi nyuma. Tunachomdai sasa ni kwamba jibu aliloletewa alibebe mwenyewe, ajue limetoka wapi na lina uzito gani.

Basi binamu yangu sikumkemea. Nilimwonyesha lile neno nikamuuliza, "Dunga maji hupwa saa ngapi?" Alitazama daftari, akanitazama, akaziba uso kwa mikono. Kesho yake asubuhi tulienda Dunga na simu yake. Alimrekodi mzee mmoja anayeshona nyavu, dakika arobaini, upepo mwingi. Mzee alimweleza jinsi ziwa lilivyopanda 2020, na jinsi gugumaji linavyofunga njia ya mashua. Alizungumzia pia wale samaki wa vizimba waliokufa kwa wingi Novemba 2022, upande wa Ogal. Binamu akasema kwenye WhatsApp waliambiwa ni sumu. Mzee akasema hapana, yalikuwa maji ya chini yaliyopanda juu bila hewa.

"Umejuaje, baba?" binamu akauliza, bila mimi kumwambia.

Mzee akaacha sindano. Akaanza kumweleza rangi ya maji, harufu yake, na upepo wa siku zile. Tulipofika nyumbani binamu akatafuta mtandaoni walichosema wataalamu. Walisema oksijeni ilipungua.

Aliandika upya. Methali zilipungua, sentensi mbili tatu zilijikwaa, na mzee wa Dunga alikuwamo ndani na upepo wake. Shule zilipofunguliwa alipeleka. Wiki mbili baadaye akaniambia amepata 13 kwa 20. Mwalimu ameandika pembeni kwa kalamu nyekundu: ongeza mapambo ya lugha.

"Na ile ya kwanza?" aliniuliza. "Ile ya maji kupwa ingepata ngapi?"

Nilitaka kumdanganya, ila kazi hiyo nimeiacha.

"Kumi na sita," nikamwambia.

Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza kama anaweza kumpelekea mwalimu ile rekodi.