Nguvu za Kuazima



Jumapili ya Matawi inakaribia. Kama kila mwaka tutaandamana na matawi yetu, watoto mbele na wazee nyuma, na tutasomewa habari ya Bwana wetu kuingia Yerusalemu. Habari hiyo tumeisikia tangu utoto, hata pengine hatusikii tena jambo moja lililomo ndani yake, nalo ni hili: mnyama yule hakuwa wake. Aliazimwa. Marko, katika sura ya 11, aeleza jinsi wanafunzi wawili walivyotumwa kijijini, wakamkuta mwana-punda amefungwa mlangoni, wakaulizwa na watu waliosimama pale kwa nini wanamfungua. Nao wakajibu kama walivyoagizwa, kwamba Bwana anamhitaji na atamrudisha mara. Yaani ahadi ya kurudisha ilitangulia hata kabla mnyama hajafunguliwa vizuri.

Jambo la pili ni kwamba alikuwa punda, si farasi. Majemadari wa Kirumi walijulikana kwa farasi zao. Farasi ndiye aliyekuwa nguvu, na hata leo, zaidi ya miaka 200 tangu James Watt apime injini zake za mvuke kwa kuzilinganisha na farasi, nguvu za motokaa bado twazihesabu kwa mnyama huyo. Basi Yeye aliye na vyote aliingia mjini juu ya chombo cha kuazima, tena chenye nguvu ndogo.

Mambo haya mawili yametukalia moyoni kwa sababu ya safari zetu za karibuni. Wengi wenu mnaifahamu Hilux yetu ya dizeli, maana imebeba viazi, mabati ya kanisa na kwaya nzima ya vijana. Gia zake zilipoharibika ilibidi ibaki gereji huko Tanga kungoja spea, na mwenye gereji, kwa hisani yake, akatuazima gari la kutumia mpaka kazi iishe. Lilikuwa Vitz ndogo, ambayo kadi yake yasema cc 990. Hilux ina cc 2800 hivi. Nusu yake haifikii.

Kutoka Tanga hadi Mombo hakukuwa na habari. Barabara ni tambarare kwa sehemu kubwa, na kigari kilikwenda vizuri kama wenzake. Lakini ninyi mnajua kinachoanza pale Mombo. Kilometa 33 hivi mpaka Lushoto, na katika hizo mtu hupanda karibu meta 1000, kona juu ya kona, mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili, mpaka Soni kwenye maporomoko, kisha tena mpaka mjini. Hapo Vitz ilianza kuugua. Tukikanyaga mafuta ilipiga kelele zaidi, lakini mwendo haukuongezeka.

Sisi tuliokaa miaka mingi mbele ya ubao hatuwezi kupita jambo kama hilo bila kulifanya somo, mtusamehe. Wanaosomesha fizikia wanajua kwamba kazi ya kupandisha gunia la kilo 100 kwenda juu meta 1000 ni ile ile, ulipandishe kwa saa moja au kwa siku nzima. Nguvu kubwa haiufupishi mlima hata kidogo. Inachofupisha ni muda. Kigari kile, kwa upole wake, kilifanya kazi ile ile ya kupanda ambayo gari kubwa lenye uzito huo huo lingeifanya, na kilifika pale pale. Tulichelewa kama robo saa. Hiyo robo saa ndiyo watu wanayoinunulia farasi wengi hivyo, na haki ni yao, maana mwenye mgonjwa garini hawezi kuambiwa kwamba robo saa si kitu.

Tena kuna jambo ambalo dereva wa gari lenye nguvu halihisi. Injini nayo hupumua. Kadiri tunavyopanda hewa huwa nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza kama sehemu moja katika mia kwa kila meta 100. Mpaka kufika Lushoto, kwenye meta 1400 hivi juu ya bahari, imekwisha poteza zaidi ya sehemu moja katika kumi ya nguvu iliyokuwa nayo Tanga. Hilux yetu nayo hupungukiwa vivyo hivyo, ila mwenye vingi hasikii akipungukiwa na kimoja. Mwenye kidogo ndiye ahesabuye.

Zaidi ya hayo tulionja kukaa mbele ya wenye haraka. Gari moja kubwa lilitufuata nyuma sana, honi mkononi, taa zikiwashwa na kuzimwa, kana kwamba sisi tulikuwa tumeficha nguvu mahali tukakataa kuitoa. Tulipopata nafasi tukasogea pembeni, likapita kwa hasira. Dereva yule hatumfahamu na hatumlaumu kwa jina. Lakini tulijiuliza, je, mtu akisukumwa hivyo mahali penye korongo, na gari lake halina zaidi ya kutoa, afanye nini? Honi haiongezi cc. Na iko desturi nzuri ya barabara za milimani, kwamba anayeshuka humpisha anayepanda, kwa kuwa anayepanda akisimama ni taabu kwake kuondoka tena. Desturi hiyo ilitungwa kwa kumfikiria aliye dhaifu, nasi tunaona inafifia.

Kwa mwendo ule wa polepole tuliwaona watu. Kina mama wenye mizigo ya mboga wakikata njia za mkato kati ya kona na kona, wanafunzi, wazee na fimbo zao. Wengine walituamkia kwa jina tukawaitikia. Milima hii ilipandwa kwa miguu muda mrefu kabla ya injini. Ludwig Krapf, aliyetumwa na CMS, alifika Vuga kwa Mfalme Kimweri mwaka 1848, akaja tena mwaka 1852, na safari zile hazikuwa na gia. Reli kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905 tu, nayo iliishia kuufuata mguu wa mlima bila kuupanda. Hawa kina mama hawakuazimwa hata Vitz. Mtu akisema amepungukiwa kwa sababu yuko kwenye gari dogo, na awatazame kwanza.

Pale sokoni Lushoto kijana mmoja tuliyemfundisha zamani alitukimbilia. "Shikamoo Mwalimu! Mwalimu, pensheni imekwisha?" Tukacheka pamoja. Lakini maneno yale yana ukweli wa kusikitisha, kwamba sisi kwa sisi tunapimana kwa magari. Na tusidhani kanisani hakuna. Mara ngapi mgeni akija na gari kubwa anatafutiwa kiti cha mbele, na yule aliyeshuka kwenye pikipiki na vumbi lake anajitafutia mwenyewe nyuma? Yakobo katika waraka wake, sura ya 2, alilisema jambo hili kwa habari ya pete za dhahabu na mavazi mazuri. Kama angeliandika leo hatuna shaka angelitaja magari.

Sasa turudi kwenye kuazima. Wahenga wana methali juu ya nguo ya kuazima, ambayo maneno yake ya mwisho hatuwezi kuyachapa katika gazeti la kanisa, lakini mnayajua. Methali hiyo yatuonya tusijivunie cha mwenzetu. Biblia yatupeleka mbele zaidi. Katika Kutoka sura ya 22 imo sheria kwamba mtu akiazima mnyama kwa jirani yake, na mnyama huyo akaumia au akafa wakati mwenyewe hayupo, aliyeazima sharti alipe. Tazameni hayo maneno, wakati mwenyewe hayupo. Sheria ilijua mioyo ya watu. Mwenye ng'ombe akiwapo shambani ng'ombe hupigwa kidogo, na akiondoka hupigwa sana.

Je, si hivyo kwetu? "Si langu" limekuwa neno la kuhalalisha uharibifu. Jembe la jirani hurudishwa mpini umelegea. Vipaza sauti vya kwaya hutupwa kwenye kona, na gari la ofisi hupigizwa kwenye mashimo ambayo mtu na gari lake mwenyewe angelizunguka. Nasi tulishauriwa na rafiki mmoja, kwa nia njema, tulikanyage tu lile gari la gereji, kwa kuwa likifa ni shauri lao. Hatukukubaliana naye. Gari dogo likilazimishwa kupanda kama kubwa huchemka, na kuchemka kwake kungelikuwa hasara ya mtu aliyetutendea wema. Tulilirudisha limeoshwa, na mafuta kwa kadiri tuliyoyakuta.

Kumbukeni mwana wa manabii katika 2 Wafalme sura ya 6, aliyekuwa akikata mti kando ya Yordani, chuma cha shoka kikamponyoka kikazama. Alimlilia Elisha, na lililomuuma ni kwamba shoka lilikuwa la kuazima. Angelikuwa mmoja wetu wa siku hizi huenda angelisema, "Afadhali, si langu." Yule alilia, na kilio chake juu ya mali ya mwingine kilitosha kumfanya Mungu akieleze chuma majini.

Haya yanatufikisha kwenye jambo ambalo kwa kweli ndilo lililotufanya tushike kalamu. Sisi tuliopita miaka sitini tumo ndani ya gari dogo. Zamani tulitoka nyumbani mpaka kanisani bila kupumzika. Leo kuna jiwe moja njiani ambalo limekuwa kiti chetu. Nguvu zile za ujana hatukuzinunua. Mwenyewe alituazima, na sasa ametubadilishia chombo, ametupa kingine chenye pumzi chache, na mlima ni ule ule.

Tunao katika mtaa wetu watu ambao, tangu wabadilishiwe chombo, wameacha safari. Hatuwataji, wenyewe wanajijua. Kuna aliyeimba besi miaka mingi, na kwa kuwa sauti haifiki tena chini, haji hata kuketi. Kuna aliyekuwa akiwatembelea wagonjwa mpaka vijiji vya mbali, na kwa kuwa magoti yamekataa, hawatembelei hata walio jirani. Ukiwauliza husema, "Nikipata nafuu nitarudi." Ndugu zetu, gari lililo gereji hungojewa, lakini ya mwili wa mzee mara nyingine haiji spea. Anayengoja nguvu za zamani zirudi ndipo atumike atakaa Mombo mpaka jua lizame. Padre hahitaji besi kutoka kwenu. Anawahitaji ninyi. Jirani mgonjwa naye hatauliza mmefika kwa muda gani.

Wala hatusemi kwamba udogo ni sifa kwa wenyewe. Kupakia watu saba katika Vitz na kupanda nao Soni ni upumbavu, wala mtu asije akauita unyenyekevu. Na katika kushuka ndipo penye hatari kubwa kuliko kupanda, kwa kuwa injini ndogo haina nguvu ya kulizuia gari, na anayeshuka kutoka Lushoto mpaka Mombo kwa breki peke yake huzisikia zikinuka kabla hajafika chini, zikaisha kushika. Lazima mtu aweke gia ya pili au ya kwanza tangu juu, na kama gari ni la otomatiki ashushe kirungu kwenye 2 au L, aende taratibu. Vivyo hivyo mzee anayefahamu kiasi chake aseme mapema, "Hili naliweza, hili nipeni msaidizi," asingoje mpaka kwenye kona. Na ninyi vijana mlio nyuma yetu mwendo wetu mtauona. Mkipata nafasi piteni kwa amani, honi ziacheni.

Sasa kwa ajili ya Jumapili ya Matawi. Wako wazee wa miteremko ya mbali ambao mwaka jana hawakuja kwa kukosa usafiri. Kila mwenye chombo, kikubwa au kidogo, anaombwa aandikishe jina lake kwa katibu wa mtaa kabla ya Jumapili ya tano ya Kwaresima, aseme ana nafasi ngapi. Gari dogo lihesabiwe watu wanne na dereva, wasizidi. Wenye pikipiki nao waandikwe, ila waje na kofia ngumu mbili, na mzee aulizwe kwanza kama yuko radhi kupanda. Kuondoka ni saa moja kamili asubuhi, tusikimbizane barabarani.